Palomine ya Bettie Serveert: santuri niliyouziwa kwa dharau

Simshauri mtu yeyote anunue Palomine, albamu ya kwanza ya Bettie Serveert, bendi ya roki ya Uholanzi, iwapo itambidi aingie katika duka nililoingia mimi hapa Amsterdam. Nilimwuliza muuzaji kwa Kiholanzi, tena kilichonyooka, kama anayo kwenye santuri. Yeye akanijibu kwa Kiingereza kwamba muziki wa Afrika upo kule nyuma, karibu na ngazi. Nilipolitaja jina la bendi mara ya pili, akataka kujua ninamnunulia nani. Jamani, mtu akitoa pesa yake mfukoni analazimika pia kueleza masikio ni ya nani?

Nyumbani mambo yaliharibika zaidi. Santuri iliyobandikwa karatasi ya "hali nzuri sana" ilikuwa na mkwaruzo unaoonekana hata bila kuiinamisha kwenye mwanga, na katika wimbo wa kwanza, pale gitaa la Peter Visser linapoanza kupanda, sindano iliruka na kurudi, ikaruka na kurudi, hadi nikazima. Niliirudisha. Bwana yule, bila hata kuitoa kwenye jalada, alisema kosa ni la sindano yangu.

Kwa hasira niliyokuwa nayo, nilikwisha kuamua kwamba albamu hii ya 1992 inasifiwa kupita kiasi: nyimbo hazina haraka ya kufika popote, magitaa yanakwaruza yenyewe bila msaada wa muuzaji, na Carol van Dyk, mzaliwa wa Kanada, anaimba kama mtu anayezungumza huku akiosha vyombo. Hata wimbo "Healthy Sick" wameuazima kwa Sebadoh, bendi ya Marekani. Lakini upande wa pili haukuwa na mkwaruzo, nami niliusikiliza wote kwa nia ya kutafuta kasoro nyingine, nikaishia kuurudia. Sauti ile niliyoiona kavu ndiyo inayoyazuia magitaa yasimwagike ovyo. Haishindani nayo, hungoja, na yakitulia huendelea pale ilipoachia. Pengine alijifunza subira hiyo alipokuwa fundi sauti wa De Artsen, bendi walikotoka baadhi ya wenzake.

Nilikusudia kutoa nyota mbili. Natoa nne, ingawa nikiukumbuka wimbo wa kwanza nashawishika kupunguza moja, kwa kuwa mpaka leo sijausikia hadi mwisho kutoka kwenye santuri niliyoilipia. Nakala nyingine nitaiagiza kwa posta, kwa muuzaji ambaye hatauona uso wangu.