Uchambuzi: Kituo cha hewa cha nyumbani Ecowitt WS69, ukifunge wapi na kipimo gani ukiamini

Habari zenu watazamaji, karibuni. Kilichopo mezani leo ni Ecowitt WS69 pamoja na kipokezi chake, GW1100. Hiki cheupe ndicho kinachokaa nje. Kina kipima mvua, vikombe vya kupima kasi ya upepo na mkia wa kuonyesha mwelekeo wake, kihisi cha joto na unyevunyevu, na kingine cha mwanga wa jua. Kila sekunde 16 kinarusha vipimo kwa redio hadi kwenye kipokezi hiki kidogo cha USB, nacho kinavipeleka kwenye simu yako kwa waifai.

Kabla hujalipa, soma boksi. Redio hizi hutengenezwa kwa masafa ya megahezi 433, 868 au 915. Kihisi cha 433 na kipokezi cha 868 havitasikilizana hata uvilaze kitanda kimoja. Na waifai yake ni ya gigahezi 2.4 tu, basi hakikisha ruta yako inaitoa.

Tuanze na mvua, maana ndiyo wengi wenu mnaitaka. Ndani ya mdomo huu kuna kijibakuli cha pande mbili kinachopinduka kila inapotimia milimita 0.254. Kinataka kukaa sawasawa kabisa, kwa hiyo tumia kipovu cha pimamaji kilichopo juu ya kifaa, na bomba unalofungia kituo usilichimbie kijuujuu. Bomba likitikiswa na upepo, kijibakuli kinapinduka bila tone kuanguka, halafu unasoma mvua siku ya jua kali. Mwarobaini, ukuta au nyumba iwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake: mti wa mita 6, kaa mita 12.

Kinachoharibu zaidi ni uchafu. Majani, kinyesi cha ndege na nyumba za buibui huziba tundu la chini. Dalili yake ni hii: mvua inapiga, simu inasema sifuri, kisha inaandika vitone vidogo vidogo saa nzima baada ya mvua kukatika. Fungua, safisha kwa brashi laini kila mwezi, na mara mbili kwa mwezi wakati wa masika.

Mvua kubwa nayo ina kasoro yake. Kijibakuli kinapokuwa katikati ya kupinduka, maji yanaendelea kuingia na sehemu yake haihesabiwi. Ndiyo maana nasisitiza mno kuwa na kipima mvua cha plastiki cha kawaida pembeni yake. Linganisha mpaka zipatikane angalau milimita 100. Tuseme cha plastiki kimekusanya 212 na kituo kimeandika 190: gawanya, unapata 1.12, uiweke kwenye sehemu ya kurekebisha mvua ndani ya programu. Usirekebishe kwa mvua moja ya manyunyu, utaharibu zaidi.

Halafu muda. Wataalamu wa hewa Kenya na Tanzania husoma mvua saa tatu asubuhi. Kituo hiki, kikiachwa kilivyotoka kiwandani, huanza siku mpya saa sita usiku. Mvua ya saa tisa usiku kwako ni ya leo; kwenye kumbukumbu zao imeingia katika saa 24 zilizoanza jana asubuhi. Ukitaka kulinganisha nao, andika daftarini kila siku saa tatu asubuhi bila kukosa.

Sasa mgandamizo wa hewa. Watu wa Arusha hufungua boksi, wanaona namba iko chini, karibu hektopaskali 860 (ndicho kipimo cha mgandamizo), wanadhani kifaa kibovu. Si kibovu, wako juu, karibu mita 1,400. Kuna mgandamizo halisi wa mahali ulipo, na kuna uliorekebishwa kufikia usawa wa bahari. Huo wa pili lazima uupange mwenyewe kwa kufuata taarifa ya uwanja wa ndege ulio karibu.

Ukinunua na kile kioo cha mezani chenye picha za jua na wingu, picha hizo usizitegemee. Zinafuata kupanda na kushuka kwa mgandamizo, na huku kwetu karibu na ikweta mgandamizo hupanda kufikia kilele mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, kisha hushuka hadi saa kumi, alasiri na alfajiri, kila siku, iwe kiangazi au masika. Tofauti ni kama hektopaskali 3 au 4. Kioo kikiona kushuka kwa alasiri kinaweza kukuonyesha wingu, na mvua hakuna.

Joto: usifunge juu ya mabati. Funga juu ya nyasi, kati ya mita 1.5 na 2. Hata hapo, saa nane mchana jua likiwaka na upepo umetulia, tegemea kisome digrii moja au mbili zaidi.

Upepo ndio udhaifu mkubwa wa vituo vya aina hii vyote. Upepo hupimwa mita 10 kwenda juu, joto na mvua karibu na ardhi, na hapa vyote viko kwenye bomba moja. Chagua kimo kinachofaa joto na mvua. Ukiwa kusini mwa ikweta, hakikisha pia mwelekeo wa upepo umepangwa kwa nusu ya kusini ya dunia. Ukikosea, mwelekeo unageuka. Dar mwezi wa saba kusi inavuma, na simu ikikwambia upepo unatoka kaskazini siku nzima, kosa liko hapo.

Betri ni mbili za AA, weka alkali, si za kuchaji. Mwisho ni umeme: kipokezi hakina kumbukumbu yake, umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, grafu inabaki na pengo la saa tatu. Kichomeke kwenye pawabenki inayotoa umeme huku inachajiwa, na ruta pia uitafutie yake.