Fisha, boliti ya kupanuka, gundi au fito: kipi kishike bango la duka ukutani?

Bango la duka likianguka, lawama humwendea fundi aliyechomelea fremu. Ukilitazama pale chini, mara nyingi fremu ni nzima, boliti zote zimo, na kila boliti imevaa bonge la plasta. Kilichoachia ni ukuta. Kwa hiyo vishikizo vinne vinavyouzwa sana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi vinapimwa hapa kwa kuta za pwani yetu, si kwa zege safi linalochorwa kwenye boksi.

Kwanza uzito, kwa sababu ndio unaoamua mengine yote. Bango la mita 2 kwa 1 lililolala ukutani, la Alucobond (ubao wa mabati mawili ya alumini yenye plastiki katikati) ya milimita 4, lina kilo 11 za ubao wake na kilo kama 8 za fremu ya bomba la mraba la milimita 25. Hilo ni jepesi. Linalotesa ni bango dogo linalochomoza kuelekea barabarani. Chukua la sentimita 80 kwa 75, likianzia sentimita 20 kutoka ukutani. Upepo wa kilomita 100 kwa saa ukilipiga ubavuni, unalisukuma kwa nguvu ya kilo kama 29. Lakini mkono wa bango ni mrefu na kibati cha ukutani ni chembamba: boliti zake zikiachana sentimita 10, zile za upande unaovutwa zinabeba takriban kilo 174. Panua kibati hadi boliti ziachane sentimita 30, mzigo unashuka hadi 58. Kipande cha bati pana kinakupa faida ambayo boliti ya bei kubwa haikupi.

Fisha ya nailoni ndiyo rahisi kuliko zote. Jina limetokana na Mjerumani Artur Fischer, aliyeibuni mwaka 1958, na hadi leo plagi ya kampuni yoyote tunaiita fisha. Namba 10 inataka biti ya milimita 10, shimo la milimita 70, na skrubu ya milimita 6 hadi 8. Kwa bango lililolala, lisilozidi kilo 25, fisha sita zinatosha kwenye tofali imara isiyo na matundu. Kosa kubwa ni kuihesabu plasta kama ukuta. Plasta ya milimita 15 haishiki kitu. Isukume fisha hadi mwili wake wote uwe ndani ya tofali, kisha tumia skrubu ya milimita 80. Kosa la pili ni kuyumbisha drili mpaka mdomo wa shimo unapanuka kama tarumbeta. Kabla ya kununua, ikunje fisha kwa vidole: nailoni hupinda na kurudi, ile ya plastiki rahisi hupasuka au hubaki imepinda. Kwa bango linalochomoza, usiitumie kabisa.

Boliti ya kupanuka, ile yenye ganda la chuma ambayo wengi huiita Rawlbolt, inasifiwa kuliko inavyostahili. Kwenye zege hakuna cha kuilaumu. Ya M10, yaani ya nyuzi zenye unene wa milimita 10, inaingia kwenye shimo la milimita 16, ukikaza nati ganda linatanuka na kubana pande zote. Kwenye tofali, kubana huko ndiko kunakoua. Tofali la saruji lililochanganywa mchanga mwingi linasagika taratibu: spana inazunguka, inazunguka tena, na nati haizidi kuwa ngumu. Fundi asiyejua huendelea kukaza. Tazama kando ya shimo. Ukiona ufa mwembamba unaokimbilia kwenye kiungo cha tofali, shimo hilo limekwisha, hata kama boliti inaonekana imekaa. Itumie kwenye linta tu, ile boriti ya zege, na bahati nzuri bango la duka hukaa juu ya mlango, pale pale linta inapopita. Utaijua kwa drili: mwendo unapungua na vumbi linakuwa la kijivu. Biti ikipiga kelele ya chuma na kugoma, umekutana na nondo. Sogea sentimita 4 au 5, usilazimishe. Usitoboe karibu na ukingo wa zege. Acha angalau sentimita 10.

Gundi ya resini ndiyo chaguo letu kwa tofali zenye matundu. Unaijaza shimoni, kisha unasukuma ndani yake fito, yaani chuma cha mviringo chenye nyuzi kama za boliti. Haipanui kitu, kwa hiyo haipasui. Kopo la mililita 300 mara nyingi linaingia kwenye bunduki ya kawaida ya silikoni. Biti ikichomoka ghafla na kuzama mbele, ujue tofali ni tupu ndani: hapo lazima uweke soksi ya wavu, la sivyo gundi yote inamwagikia kwenye tundu na fito inabaki inaelea. Inayoangusha bidhaa hii ni vumbi. Puliza, piga brashi, puliza tena. Gundi iliyoshika vumbi imeshika vumbi tu. Minyo wa kwanza wa sentimita 10 utupe, mpaka rangi iwe moja. Joto la pwani nalo linaigandisha haraka, kwa hiyo soma jedwali la muda ubavuni mwa kopo, na usiguse fito kabla muda haujatimia.

Fito yenye nyuzi inayopita ukuta mzima, ikiwa na bati la sentimita 10 kwa 10 na nati upande wa ndani, ndiyo salama kupita zote kwa bango linalochomoza. Ukuta wa tofali la inchi 6 pamoja na plasta pande mbili unakula kama milimita 180; fito ya M12 ya mita 1 inatoa vipande vinne. Shida ni ruhusa ya mwenye nyumba, na nati zinazochungulia sebuleni kwake. Kwa kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, boliti ya kupanuka isikaribie. Na Mji Mkongwe wa Zanzibar, wenye kuta nyingi za namna hiyo, umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Pata kibali kabla hata ya kushika drili.

Chumvi nayo ina hesabu yake. Boliti ya kung'aa yenye zinki nyembamba huanza kulia machozi ya kahawia chini ya bango mapema sana. Karibu na bahari nunua chuma cha pua chenye alama A4. Kile cha alama A2 hupata madoa. Sumaku inayong'ang'ania boliti kwa nguvu inakwambia si chuma cha pua. Bati la alumini likigusana na boliti ya chuma kingine, weka washa ya plastiki katikati.

Kazi yenyewe ifanywe juu ya jukwaa na watu wawili, umeme ukiwa umezimwa, mbali na nyaya za barabarani. Waya wa taa uning'inie kidogo kabla ya kuingia ukutani, maji yadondoke hapo chini badala ya kuufuata hadi ndani, na tundu lake lizibwe kwa silikoni.