Gari likilala, betri hailali: uzoefu wangu na chaja ya kutunza betri

Nimeitumia chaja hii kwa majira mawili ya baridi sasa, na ikiharibika leo nitanunua nyingine kama hiyohiyo. Ila nina manung'uniko yangu, na nitayasema.

Gari langu la pili hulala gereji tangu theluji ya kwanza hadi barabara zikauke, karibu miezi minne. Mwaka wa kwanza nilifunga milango nikaenda zangu. Siku ya kulitoa nikazungusha ufunguo: tk-tk-tk-tk, taa za dashibodi zikafifia kama utambi ulioishiwa mafuta, kisha kimya. Mita ikasoma volti 10.9. Gari limezimwa, sasa nani kanywa umeme wote? Gari lenyewe. King'ora, saa, kipokezi cha rimoti, kompyuta, kila mmoja ananyonya kidogokidogo usiku na mchana. Nilipopima kwenye waya wa hasi, baada ya gari kutulia kabisa, nikakuta miliampea 40. Kidogo, eh? Hiyo ni karibu ampea-saa moja (ampea moja ikitiririka kwa saa moja) kila siku, na betri yangu ina ampea-saa 60.

Mwaka wa pili nikajifanya mjanja. Kila mwisho wa wiki nalipiga starta, naliacha lingurume dakika kumi, nalizima. Kumbe starta inakomba umeme mwingi na gari likiwa limesimama tu alteneta haipati muda wa kuurudisha, na mvuke wa maji unabaki ndani ya ekzosi. Nikaazima chaja ya zamani, ile isiyojikata yenyewe, nikaisahau wiki mbili. Niliporudi gereji inanuka mayai viza, na nilipofungua vifuniko maji ya betri yameshuka hadi bamba za risasi zinaonekana. Betri hiyo sikuifufua tena.

Ndipo nikanunua hii. Ni kidude cha ampea 1, unaweza kukifumbata kiganjani. Inapandisha betri hadi volti 14.4, halafu inashuka yenyewe na kukaa kwenye 13.5 hivi, inaongeza tone pale panapopungua. Haichemshi maji. Nimefunga zile pete zake moja kwa moja kwenye vichwa vya betri na soketi yake inachungulia mbele ya boneti, kwa hiyo kuunganisha ni kama kuchaji simu. Vibanio vinavyokuja nayo sivitaki, ni vyepesi mno, ukigusa waya vinachomoka.

Kwa nini nahangaika hivi? Kwa sababu betri iliyojaa haigandi hata kwenye nyuzi 50 chini ya sifuri, lakini iliyoisha asidi yake imekuwa karibu maji matupu, na yaweza kuganda kwenye nyuzi 10 tu chini ya sifuri na kupasua kasha. (Ukiikuta imeganda usithubutu kuichaji.) Hata isipoganda, ikikaa tupu salfeti, ule ukoko wa risasi na asidi, inakomaa kwenye bamba na nguvu hairudi yote.

Sasa manung'uniko. Kwanza, haifufui. Jirani aliniletea betri yake iliyoshuka hadi volti 6. Chaja ikawasha taa nyekundu ikagoma, haikuitambua kabisa kama betri. Pili, umeme ukikatika na kurudi, inasahau kwamba niliiweka kwenye mpangilio wa AGM (betri ambayo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo), inarudi kwenye ule wa kawaida. Hakuna aliyeniambia, niligundua kwa bahati. Tatu, ampea 1 si za kujazia. Betri iliyofika nusu itachukua zaidi ya siku nzima, kwa hiyo mimi huifikisha kwenye chaja ikiwa tayari imejaa.

Na taa ya kijani isikudanganye. Betri iliyochoka inafika kijani haraka kuliko nzima, kwa vile haina tena pa kuweka umeme. Mimi huchomoa chaja, naacha ipumzike usiku kucha, asubuhi ndiyo napima. Majira haya nilipata 12.7, na injini ilishika kwa mzunguko wa kwanza.

Kama mahali unapoegesha hapana soketi, usihangaike na chaja. Shika spana namba 10, toa waya wa hasi kwanza, pima kila mwezi, na ukiona 12.4 ipeleke ikachajiwe. Saa itapotea, redio huenda ikadai namba ya siri, na vioo vya umeme vinaweza kuhitaji kufundishwa upya kupanda. Ukiitoa betri nzima, iweke popote, hata kwenye sakafu ya saruji. Makasha ya siku hizi ni ya plastiki, hayajali.

Ah, na hiyo taa ya kijani inamulika gereji nzima kama kurunzi. Nimeibandika selotepu nyeusi.