Birika za chuma: angalia mdomo kabla hujaangalia rangi

Nimechoka kutumiwa picha za kutu. Tangu niandike juu ya chai yetu ya zambarau, ile haitaki maziwa, watu wameanza kununua zile birika nzito za chuma za staili ya Japan, na sasa simu yangu imejaa picha za maji ya kahawia na swali ni lile lile, ati hii ni kawaida? Msomaji mmoja wa Umoja alirudisha yake kwa muuzaji akaambiwa hiyo kutu ni madini, inaongeza damu, anywe tu. Huyo muuzaji tutamfikia.

Ukubwa na rangi sitaongelea, una macho. Kitu hakuna mtu huangalia ni pale mdomo wa birika unapoanzia kwa ndani. Birika nyingi za siku hizi zimepakwa enameli ndani, ile rangi ngumu ya kung'aa kama ya vikombe vya bati vya shagz, ndio maji yasiguse chuma. Sasa tumboni kupaka ni rahisi, lakini vile vitundu chai hupitia ikielekea mdomoni, na ndani ya mdomo wenyewe, mtengenezaji akiwa na haraka rangi haifiki, ama inafika kidogo kidogo. Na ni hapo hapo matone ya mwisho hubaki, manake inamisha birika vile unataka, kuna tone litakataa kutoka. Chuma tupu, maji na hewa, usiku mmoja tu, asubuhi unamimina kahawia.

Kwa hivyo ukiwa dukani washa tochi ya simu, imulike ndani, tazama vitundu. Vinang'aa sawa na tumbo, sawa. Ukiona weusi mkavu usiong'aa, hapo chuma iko uchi. Halafu chukua tishu nyeupe, ilowanishe kidogo, isokote, ipitishe mdomoni, ikitoka kahawia rudisha birika kwa shelfu na usibishane na mtu. Chini ya kifuniko na ule ukingo kinapokalia, hata birika nzuri mara nyingi huwa na chuma kidogo kiko wazi, hiyo mimi naivumilia kwa sababu kitambaa kinafika ukikausha. Mdomoni kitambaa hakifiki, na hapo ndipo pesa yako inaozea.

Namba moja kwangu ni Iwachu, na sijifichi, mimi ni mtu wa Iwachu. Ni kampuni ya Morioka, mkoa wa Iwate, iko kwa hii kazi tangu 1902, na vyombo vya chuma vya huko, vinaitwa Nambu tekki, serikali ya Japan ilivitambua rasmi kama kazi ya mikono ya jadi mwaka 1975. Kila moja nimewahi kushika, tochi ikiingia inarudisha mng'ao mpaka kwenye vitundu. Bei inauma, ndio, lakini inauma mara moja.

Ila sikia, birika ya enameli haikai juu ya moto. Si gesi, si makaa, si koili. Chuma na enameli havipanuki sawa vikipata moto mkali, enameli inapasuka, na ikishapasuka hakuna fundi wa Kamukunji atakurudishia. Unachemsha maji kwa birika ya stima, unamimina humu, basi. Na usimimine ikiwa baridi. Nairobi tuko juu, maji yanachemka kwa kama nyuzi 94, hayafiki 100, sasa ukiyatia kwenye kilo nzima ya chuma baridi yanashuka tena, majani yanatoa chai mfu halafu unalaumu Kericho. Suuza kwanza na maji moto, mwaga, ndio uweke majani. Ukimaliza usiache chai ilale ndani, suuza bila sabuni, ipindue maji ya mdomoni yatoke, kisha iache wazi bila kifuniko mpaka ikauke kabisa. Na chai ya maziwa iache kwa sufuria yake, tafadhali, maziwa yakikauka ndani ya ule mdomo utanipigia simu ukilia.

Namba mbili ni kwa wale wanataka kuchemshia maji kwa chuma yenyewe. Hiyo inaitwa tetsubin, ndani haina enameli, na ningetafuta ya Oigen, watu wa Mizusawa, hiyo hiyo Iwate, wako tangu 1852. Hii inakaa kwa moto, lakini moto mdogo, na ni ya maji peke yake, si majani, si tangawizi, na ndimu usithubutu. Ukishamimina maji yote, joto la chuma lenyewe linaikausha. Kama ploti yenu inatumia maji ya borehole utaona ukoko mweupe unajijenga ndani, usiusugue, huo unalinda chuma. Kutu ikianza, chemsha majani ya chai ndani mpaka maji yawe meusi, ile tanini ya majani inashikana na kutu inafanya tabaka jeusi, maji yanatoka safi tena.

Namba tatu Staub wa Ufaransa, kazi safi, bei ya wenye nyumba zao Runda.

Zile za bei ya chini zimejaa mjini, za maua na joka, nunua kama pambo.

Kuna na kile kichungio cha ndani. Majani yetu mengi ni yale ya kusagwa punje ndogo ndogo, na vichungio vingi vimetobolewa kwa ajili ya majani makubwa ya kijani, kwa hivyo beba majani kidogo kwa karatasi, yatie, tikisa. Yakipita yote utakuwa unatafuna chai.

Sasa wauzaji. Huyo wa kuongeza damu hata hajui anauza nini, manake birika ikiwa na enameli nzuri chai haigusi chuma hata kidogo, damu itaongezewa na nini? Tetsubin tupu ndio hutoa chuma kidogo kwa maji, na hata hiyo ukiinywa kama strungi, chai yenyewe inazuia mwili kukichukua. Halafu kuna hawa wa kuandika "Japan original" kwa kitu kimetoka China, ukiuliza bei ati njoo inbox, ukienda inbox bei inategemea picha yako ya profaili, ukilalamika unaambiwa ni VAT. VAT ni asilimia 16, mama, si mara tatu! Na birika ya China si lazima iwe mbaya, ubaya ni kunilipisha nauli ya Morioka kwa kitu hakijawahi kufika Morioka.

Ukinunua onlaini, kabla hujatuma hata pesa ya delivari, mwambie akutumie video ya ndani, tochi ikiwa imewashwa, aonyeshe vile vitundu. Akikutumia ile picha ya katalogi mara ya pili, bloku.