Kifurushi kilikuwa hatua nne nyuma ya dirisha

Hii nimeiandika mara mbili nikaifuta. Ya kwanza niliiandika usiku ule ule mikono ikitetemeka, na maneno yaliyotoka si ya kusomwa na watu. Sasa nimetulia kidogo, ila si sana.

Kwetu mtu akitaka kutuma mzigo anaupeleka stendi, anampa kondakta wa basi, anapiga simu kwamba gari limetoka. Mimi nilikataa. Mzigo wenyewe ulikuwa viatu vya mwanangu. Alizaliwa na mguu kifundo. Alifungwa plasta wiki baada ya wiki mpaka mguu ukanyooka, na sasa kila usiku analala na viatu viwili vilivyounganishwa kwa bapa la chuma. Vile vya mwanzo vilikuwa vimeshambana, kisigino kimechubuka hadi nyama nyekundu inaonekana. Fundi wa kliniki akatengeneza vingine, akavifunga ndani ya kiroba cha bluu cha mbolea kwa sababu ya mvua, akavipeleka posta ya mjini kwao, akanitumia picha ya risiti yenye namba. Niliitaka ile namba. Ndiyo iliyonifanya nilipe kuliko ambavyo ningemlipa kondakta. Daktari alishatuonya: mtoto asilale bila viatu, mguu utarudi ulikotoka.

Posta yetu ya wilaya ina madirisha matatu. Mawili yamefungwa, kwenye vioo wamebandika kalenda za miaka iliyopita. Lililobaki anakaa dada mmoja wa makamo, na kila kitu kiko kwake: stempu, vifurushi, ada za masanduku, mzee anayeulizia barua ya mirathi, vijana wenye bahasha za vyeti.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hakijafika."

Risiti hakuiangalia. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Kila safari ni bodaboda kwenda na kurudi, mtoto mgongoni. Safari ya nne nikamwomba walau aitazame namba. Akaniambia kwa sauti, foleni nzima inasikia: "Wewe dada, nimeshakwambia hakijafika. Unataka nikakizae?"

Watu wakacheka. Nilisimama pale nimemshika mwanangu miguu yote miwili mgongoni, nikakosa neno.

Wakati huo huo kijana wa usafi akafungua mlango wa nyuma kutoa ndoo ya maji machafu. Ndani niliona rundo la mizigo imewekwa chini, na juu yake kiroba cha bluu. Nilikijua hata kabla sijakitazama vizuri. Nikapiga kelele, sikumbuki nilisema nini. Yule dada akageuka, akafunga droo ya pesa kwa ufunguo, akaenda, akarudi nacho. Hatua nne. Karatasi iliyobandikwa juu yake ilikuwa na tarehe ya siku tisa nyuma. Kilikuwa kimeshatolewa kwenye mfuko, ila hakijaandikwa popote, ndiyo maana hata ile namba yangu ilikuwa haionyeshi kitu.

Nikamwomba jina na cheo ili nikamshtaki. Jina akanipa. Cheo akasema, "Andika kaimu. Nakaimu mwaka wa tano huu, na posho ya kukaimu sijaiona." Halafu, bila kuomba radhi, akaendelea kugonga mhuri huku anaongea: walikuwa wanne hapo ndani, mmoja kastaafu, mmoja kahamishwa, mmoja kafariki, hakuna aliyeletwa. Akitoka dirishani kwenda kupokea mifuko, sisi tunagonga kioo. Akikaa dirishani, mifuko inalala. Wa kuandika vifurushi kwenye orodha alikuwa yule aliyestaafu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipogawanyika, maana haya mambo ya ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa ofisini, na vibali vya ajira yanaliwa mezani kwangu kila siku. Mume wangu ni mwalimu, aliajiriwa mwaka 2013. Zamu yake ya kupanda daraja ilipofika, Juni 2016 serikali ikasimamisha ajira mpya na upandishaji wa madaraja nchi nzima kupisha uhakiki wa watumishi. Mwaka 2017 likatoka tangazo la watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Sawa, waende. Lakini mwenye cheti chake halali naye alikaa pale pale alipo, mwaka, miwili, mitatu, na madaraja yalipofunguliwa akaanza kuhesabiwa kama mtu aliyeingia kazini jana. Nimeyajua maneno "mserereko", yaani kupandishwa daraja kufidia muda uliopotea, na "malimbikizo", yaani mshahara unaodaiwa wa nyuma, kabla sijajua bei ya nondo. Najua mtu anakuwaje akifanya kazi ya watu watatu kwa mshahara wa daraja aliloanzia. Taratibu za utumishi zinasema mtu akaimu si zaidi ya miezi sita. Yule dada miezi sita yake ilipita zamani, na kila mkubwa anayesaini taarifa ya mwezi anaiona ile "kaimu" pale chini.

Mwaka 2022 kabla ya sensa nyumba yetu ilipigwa namba mlangoni, njia ikapewa jina na kibao, kata ikawa na postikodi yake. Makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika yako hapa hapa nchini, Arusha, jengo jipya likazinduliwa mwaka 2023. Vibao tunavyo, majengo tunayo. Wa kuingia chumba cha nyuma na kuandika namba kwenye daftari ndiye hayupo! Kwa hilo simlaumu yule dada hata kidogo. Kama kuna mahali pa kuweka alama, kwake ningeweka nzuri, na wale waliomwacha peke yake miaka yote hiyo wangepata sifuri yangu.

Nilipofika hapa nilitaka kuishia. Lakini nimekumbuka tena lile neno lake, na siwezi kulimeza. Mume wangu alisimama daraja moja miaka yote ile na darasa la watoto zaidi ya mia, na hakuwahi kumwambia mzazi "mwanao hayupo" kabla hajahesabu vichwa. Yule dada hakuhesabu. Angesema, "Mdogo wangu, kuna mizigo sijaipitia, nisubiri mpaka saa tisa," ningekaa chini kwenye ile sakafu nikasubiri hadi jioni. Uchache wa watu haukumkataza kuiangalia risiti. Wala haukumfundisha kumwambia mama mwenye mtoto mgongoni maneno ya kuzaa.

Kwa hiyo alama nimeirudisha, nimeitoa tena. Sijui niiweke wapi.

Viatu alivivaa usiku ule ule. Tulipokwenda kliniki daktari akaushika mguu, akaukunja taratibu, akanyamaza kwanza. Umeanza kurudi. Amefungwa plasta upya, wiki tatu.

Fundi amepiga simu juzi. Saizi inayofuata ataianza karibuni, anauliza aitume posta au ampe kondakta. Sijamjibu.