iPhone 17 na iPhone Air: nilivyoziona kwenye uzinduzi na nilivyozikuta mkononi

Niseme mapema tu mimi sio mtu wa kubadilisha simu kila mwaka, nilikua na iPhone 13 niliyonunua used na bado ilikua inapiga kazi, sema betri ndo ilishakua ya kuombea dua, kwahiyo ule uzinduzi wa Apple wa tarehe 9 Septemba 2025 niliukalia nikiwa na nia ya kununua kabisa sio kushangaa tu. Kule California ilikua saa nne asubuhi, huku kwetu saa mbili usiku, muda mzuri, umeshaoga umeshakula unaangalia kwa raha zako. Wakafungua na yale maneno ya Steve Jobs kwamba ubunifu sio muonekano peke yake, ni jinsi kitu kinavyofanya kazi. Nikajisemea hapa kuna kitu kinakuja chenye muonekano kuliko kazi, na kweli ikaja Air.

Jamani ile simu ni nzuri, hilo sibishi. Unene milimita 5.6, gramu 165, fremu ya titani, na yule mbunifu wao Abidur Chowdhury anaielezea taratiiibu utadhani anamtambulisha mchumba ukweni. Ila mimi nilikua nasubiri upande wa pili wa hesabu. Kamera nyuma moja tu, yaani ile ya kupiga picha pana familia nzima ienee ukumbini hakuna. Spika moja, ile ya juu ya kusikilizia simu ndo hiyohiyo ya kuchezea muziki. Bei dola 999, wakati iPhone 17 ya kawaida yenye kamera mbili ni dola 799. Halafu usiku huohuo wakatangaza na betri ya kubandika mgongoni inayouzwa peke yake dola 99! Sasa kaka umenitengenezea simu nyembamba halafu unaniuzia na kitu cha kuinenepesha, si ungeacha tu kama ilivyokua.

Baadae shemeji yangu anayefanya kazi Muscat alikuja likizo nayo, nikaishika vizuri, nikaiweka mfuko wa shati nikasahau kama ipo. Hapo nawapa haki yao. Tukaiweka mezani tukafungulia taarab, aisee sauti inatoka upande mmoja tu, nyembamba kama simu yenyewe, shemeji akaniangalia akasema usiseme kitu. Sikusema.

Lakini hayo yote ni madogo, kinachoniondoa mimi kwenye Air ni laini. Air haina sehemu ya kuweka laini ya plastiki, dunia nzima, ni eSIM tu, yaani laini iliyomo humohumo ndani ya simu, haichomolewi. Mtu wa Ulaya anaweza asijali ila sisi huku maisha yetu yamekaa kwenye laini, laini ndo benki ndo pochi. Simu ikizima chaji uko njiani, unachomoa laini unaichomeka kwenye kitochi cha mtu, unapiga *150*00# unatuma hela, unarudisha, maisha yanaendelea. Simu ikivunjika kioo unachomoa laini unahamia simu nyingine wakati fundi anahangaika. Na eSIM je? Ipo huku na inafanya kazi vizuri tu, menyu za hela zinafunguka kama kawaida, shida ni siku unayotaka kuhama na simu ya zamani haiwaki, hapo ni kurudi dukani kwa mtandao wako na namba ya NIDA na kidole, ukae foleni, na ukute ni jumapili. Mimi laini yangu moja ni eSIM na ya pili ya plastiki, na ile ya hela ndo ya plastiki, makusudi kabisa.

Na hapa wadau wa Kariakoo mnisikilize maana hii haikutangazwa kwa kelele. Sio Air peke yake. iPhone 17, 17 Pro na Pro Max zinazouzwa baadhi ya nchi nazo hazina mlango wa laini kabisa, Marekani ilishaanza toka iPhone 14, ila safari hii wameongeza na nchi za Ghuba, Emirates, Saudia, Oman, Qatar, Kuwait, Bahrain, na nyingine kama Canada, Japan na Mexico. Sasa simu zetu nyingi zinatokea wapi? Dubai! Duka la kwanza nililoingia jamaa ananionyesha 17 mpya kwenye boksi, bei imetulia, nikamwambia nionyeshe mlango wa laini, akaigeuza kushoto, akaigeuza kulia, akaniambia bosi siku hizi dunia inaenda kidijitali. Nikamuaga. Ukitaka ya kuchomeka laini ulizia imetokea nchi gani kabla hujatoa hela, na bora uangalie kwa macho yako pembeni mwa simu. Kwa upande wa Pro wanasema zisizo na mlango zina betri kubwa kidogo, Pro Max inacheza video masaa 39 badala ya 37, sawa, masaa mawili ya video mimi nayaacha nibaki na mlango wangu.

Basi nikachukua iPhone 17 ya kawaida, yenye mlango, na huu ndo uzoefu wenyewe. Usiku ule wa uzinduzi ndo simu pekee iliyonifanya nikae sawa kwenye kochi, kwa sababu bei imebaki dola 799 ileile ya iPhone 16 ila ujazo umetoka GB 128 kwenda 256 na kioo kimetoka hertz 60 kwenda 120, yaani picha ya kioo inajibadilisha mara 120 kwa sekunde badala ya 60. Najua watu wa Infinix na Tecno mnacheka, hertz 120 mnayo miaka na miaka kwenye simu za laki tatu tatu, chekeni tu mna haki. Ila kwa mtu anayetoka 13 ni mabadiliko ya kweli, ukiwa unapandisha picha chini juu macho hayachoki, na juani kwenye kituo cha daladala kioo unakisoma bila kuweka kiganja juu.

Kamera ya mbele ndo nimeipenda kuliko nilivyotegemea, kihisi, yaani kile kidude cha ndani kinachonasa picha, wamekiweka cha mraba, kwahiyo unashika simu wima kama kawaida ila picha inatoka ya kulala, na watu wakiongezeka yenyewe inajipanua. Kwenye harusi hii kitu ni dawa, hakuna tena kunyoosha mkono mpaka bega linauma na bado shangazi amekatwa nusu uso. Betri inanifikisha usiku na siku zenyewe natumia data mwanzo mwisho. Kasoro? Kuvuta mbali ni mara mbili tu, zaidi ya hapo picha inaanza kuchoka, kwahiyo ukikaa majukwaa ya juu pale kwa Mkapa mchezaji utamtambua kwa namba ya jezi sio sura. Kichwa cha chaji hakuna kwenye boksi kama kawaida yao. Na bei, dola 799 kwa shilingi zetu ni karibu milioni mbili hata kabla ya kodi, usafiri na faida ya muuzaji, kwahiyo nyie mnaoniuliza kama inafaa kukopea, hapana, msikopee.

17 Pro sina la kusema sana, ni kazi nzuri, wameacha titani wamehamia kwenye alumini na wameweka mfumo wa kupooza joto ndani, anayerekodi video kwa kazi aichukue. Ile rangi ya chungwa lakini, ukipanda nayo mwendokasi gari zima linajua umebeba nini.

Saa ndo ilinigusa kwa sababu ya mama. Wakatangaza kwamba Apple Watch itakua inakutahadharisha kama una dalili za shinikizo la damu, nikaruka, mama ana presha miaka mingi. Kumbe ukisoma vizuri saa haikupi namba ya presha, inaangalia mwenendo wa damu kwa siku 30 halafu ndo inakuambia nenda kapime, na haijakusudiwa kwa mtu ambaye tayari ameshaambiwa ana presha. Kwahiyo kwa mama haina kazi, kile kipimo cha kufunga mkononi kinabaki palepale kabatini. Kwa watu kama mimi ambao hatujawahi kupima ndo ina maana, na sijainunua.

Nimalizie na AirPods Pro 3, zile spika za masikioni zisizo na waya, dola 249. Nilijaribu za rafiki, ile ya kuzima kelele ni balaa, honi za Buguruni zinabaki huko nje. Zinasoma na mapigo ya moyo. Ila walichokipigia debe zaidi ni kutafsiri mazungumzo papo hapo sikioni, na siku ile zilikua Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kireno na Kihispania. Baadae wakaongeza Kichina, Kijapani na Kikorea. Kiswahili hamna, na Siri, yule msaidizi wa Apple unayeongea nae kwa sauti, nae hajui Kiswahili mpaka leo wakati Google Tafsiri inakijua siku nyingi. Nilifikiria angalau Kichina kitanisaidia Kariakoo, nikakumbuka yule Mchina wa mabegi ananijibu Kiswahili safi, na kwenye kushusha bei ananishinda. Dola 249 zangu zimebaki mfukoni.