"Una uhakika huyu ni mama yako?"

Nilishapanga kuwapa nyota tano hawa watu wa kutuma pesa. Benki ilinigomea kufungua akaunti kwa sababu sina bili ya umeme yenye jina langu (chumba tumepanga wanne, bili ni ya mwenye nyumba), na mwenye nyumba naye haandiki mkataba mpaka nimwonyeshe akaunti ya benki. Nimezunguka humo miezi. Hawa walinipokea kwa pasipoti tu. Nikawasifia kwa kila mtu.

Mpaka wiki ile mama alipolazwa.

Nilituma asubuhi, simu ikaandika "imetumwa". Mchana ikageuka "inakaguliwa". Usiku, bado inakaguliwa. Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikaenda dirishani kwao. Yule kijana akaigeuza pasipoti yangu kwa ncha ya kalamu, kama kitu kilichookotwa jalalani, akasema jina la mpokeaji halilingani: kwenye kitambulisho mama ana herufi h, mimi sikuiweka. Basi iweke hiyo h, nikamwambia. Akaniangalia.

"Una uhakika huyu ni mama yako?"

Foleni nzima nyuma yangu ilinyamaza. Mimi nilibaki naitazama ile kalamu.

Najua kuna sheria za utakatishaji fedha na hakuzitunga yeye. Lakini mbona makato yao yalikatwa papo hapo? Hayo hayakuhitaji kukaguliwa. Na tangazo la "ada sifuri" lisikuhadae; linganisha bei yao ya kubadilisha fedha na ya soko siku hiyohiyo, uone chao wanakichukulia wapi. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba gharama ya kutuma pesa nyumbani ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Nilipopiga hesabu ya risiti yangu, nilipata karibu 7.

Pesa iliingia siku ya tatu. Dada alishakopa kwa jirani, na deni la jirani mnalijua lilivyo.

Nyota moja.

Ila niseme ukweli, mwezi uliofuata nilituma tena kwao, nikaweka h yangu vizuri, na mama akapiga kabla sijarudisha simu mfukoni. Anacheka. Haya, mbili. Nikikumbuka ile kalamu lakini... hapana, narudisha moja. Na ya mwezi huu itapita kwao haohao, maana benki bado inasubiri bili yangu ya umeme.